Mistari ya Mashine na Mistari ya Uso

Mashine yetu ya kuchapia mabango ilikuwa na vichwa vinane, na hapakuwa na viwili vilivyopatana. Ilifika Mtwara miaka ya elfu mbili ikielekea mwishoni, ikiwa imeshachoshwa na watu wengine huko ilikotoka, na bosi wangu aliinunua kwa sababu ilikuwa kubwa. Bosi alikuwa mtu wa Iringa, mwalimu aliyeacha chaki akafungua duka la uchapaji mjini. Mimi nilikuwa fundi wake pekee, binti wa mfanyakazi wa bandari aliyehamia kutoka Tanga. Nilizaliwa na kukulia Rahaleo, na nilijihesabu kuwa naijua Mtwara yote.

Niseme kidogo jinsi mashine ile ilivyofanya kazi, la sivyo kosa langu halitaeleweka. Kila rangi ilikuwa na vichwa viwili, kimoja nyuma ya kingine. Vilipita juu ya turubai kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, vikirusha matone ya wino ambayo jicho haliwezi kuyaona moja moja. Kichwa kimoja kikirusha wino mwingi kidogo kuliko mwenzake, bango linatoka na milia iliyolala: mkanda wa giza, mkanda wa mwanga, tena wa giza. Ukichapa tangazo la duka la Nanyamba, maandishi makubwa mekundu, hakuna anayeona. Ukichapa uso wa mtu, hata mpita njia anaona.

"Bango husomwa kutoka barabarani," bosi alipenda kuniambia. "Wewe unalisoma kwa pua."

Alisema kweli. Mimi ni mbishi, na jambo nisilolielewa hunikosesha hamu ya kula. Nilianza kuchapa viboksi vya kijivu asubuhi, mchana na jioni, nikavibandika ukutani kila kimoja na saa yake. Baada ya wiki mbili niliona kitu kilichonifurahisha kama mtoto: kati ya vichwa viwili vya wino mweusi, cha zamani kilimwaga zaidi joto lilipopanda, na kipya hakikubadilika sana. Kwa hiyo bango lililotoka safi saa mbili asubuhi lilikuwa na milia saa nane mchana. Bosi alipoona ukuta wake umejaa viboksi, aliniuliza kama nimefungua chekechea.

Jumatatu moja akaja mama mmoja wa makamo kutoka kijiji cha karibu na Mto Ruvuma. Mkononi alikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha kitambaa, na ndani ya kitambaa picha ndogo ya kitambulisho, imefifia mpaka kuwa na rangi ya chai. Aliyekuwa kwenye picha ni mama yake mzazi. Bibi huyo alivuka mto kutoka Msumbiji wakati wa vita vya kudai uhuru, akiwa amembeba binti yake huyu mgongoni, na katika maisha yake yote hakupigwa picha nyingine. Sasa alikuwa amefariki, na arobaini yake ilikuwa Jumamosi ya wiki ile.

"Nataka awe mkubwa, wa kutundikwa ukutani," mama yule alisema. "Wajukuu walio Dar hawakuwahi mazishi. Waje wamwone bibi yao."

Niliiskani picha, nikaikuza mpaka mita moja, nikachapa. Uso ulitoka na mistari iliyolala kwenye paji na kwenye mashavu yote mawili. Nilichukia. Nilisafisha vichwa, nikavipanga upya, nikapunguza nguvu ya umeme inayosukuma wino kwenye kile cha zamani, kidogo kidogo, huku nikichapa viboksi kila hatua. Viboksi vikatoka sawa, kijivu kimoja kitupu. Nikachapa tena uso, na mistari bado ipo.

Hapo mtu mwenye akili angesimama na kujiuliza. Mimi niliona mashine inanidharau.

"Kompyuta ni ya kazi gani?" bosi alisema. "Ifute humo humo."

Nikaifuta. Nilikaa nusu siku nikilainisha mashavu ya bibi wa watu kwa kipanya, mstari baada ya mstari, mpaka ngozi ikawa laini kama sahani. Tulichapa, tukarudi nyuma hatua tano, bosi akasema bibi amependeza. Nami nilijiona fundi kweli kweli.

Jumatano mama yule alikuja kulichukua. Alilitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Huyu nani?"

"Si ni mama yetu, mama."

"Mama yangu ana nembo," alisema. "Hapa, na hapa, na hapa. Nembo zake mmezipeleka wapi?"

Nembo ni zile chale za Kimakonde za usoni, ambazo wasichana wa zamani walichanjwa wakapakwa masizi ili zikolee. Nilizijua! Nimenunua mihogo kwa bibi wenye nembo tangu nikiwa na urefu wa meza. Lakini bibi huyu hakuvaa ndonya, kile kipande cha mti cha mdomo wa juu, ambacho kingeniamsha, na kwenye picha iliyofifia chale zake zilibaki vivuli tu, zimelala vilevile inavyolala milia ya mashine. Siku tatu nilikuwa natafuta kosa la mashine, nikalikuta kwenye uso wa mtu.

"Nisamehe, mama," nilisema. "Nilidhani ni uchafu wa mashine."

"Uchafu," alirudia, polepole.

Nilitamani ardhi ipasuke. Bosi alikimbilia kumpa soda, mama akaikataa. Alisema tu kwamba atarudi Ijumaa, na kwamba hana picha nyingine ya kutupa.

Usiku ule sikulala vizuri kwa aibu, ila asubuhi udadisi ulikuwa umerudi. Nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya Jumatatu: niliichukua picha kama ilivyoskaniwa, nikaigeuza ubavu, nikaichapa hivyo hivyo. Mistari ya bibi iligeuka pamoja na uso wake. Lakini kulikuwa na mingine, myembamba, ambayo haikugeuka. Ilibaki imelala kwa upana wa turubai. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mashine. Kumbe viboksi vyangu vilikuwa vidogo mno kuionyesha.

Sasa kazi ikawa ngumu kuliko mwanzo, na niseme kweli, nilifurahi. Kufuta kila mstari ni rahisi. Kufuta wa mashine na kumwachia bibi wake kunataka vichwa vifanye kazi kama mkono mmoja. Nilichapa asubuhi tu, kabla ya joto. Mahali kichwa kimoja kilipoishia na kingine kuanza, niliacha njia zao zipandane kidogo, vigawane matone, ili pasiwe na mpaka. Nilichapa vipande vya shavu peke yake, nikavikagua kwa lenzi ya fundi saa wa jirani. Mpaka Ijumaa saa tatu nilikuwa na bango ambalo ningeapa halina mstari hata mmoja usio wa bibi.

Mama alikuja. Safari hii hakulitazama sana. Aliweka ncha za vidole kwenye paji, akashuka shavu la kulia, akavuka pua, akaja shavu la kushoto. Chini ya jicho akasimama.

"Huu si wake."

Nilichukua lenzi. Palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Ulikuwa wa mashine.

"Umeuonaje, mama?" nilimuuliza. Sikuwa najitetea, nilitaka kujua hasa. Nilikuwa nimeupitia uso ule kwa lenzi asubuhi nzima.

"Mwaka mzima hakuweza kuinua mkono," alisema. "Unadhani nani alikuwa anamwosha uso?"

Niliwasha feni, nikaiacha mashine ipoe, nikarekebisha, nikachapa mara ya mwisho. Mama hakukubali kiti. Alisimama kando ya mashine muda wote, uso ukitoka kuanzia paji kushuka, nembo baada ya nembo, mpaka kidevu. Wino ulipokauka alipitisha vidole tena, taratibu, na safari hii havikusimama popote. Kisha aliinama karibu na lile turubai akasema maneno machache kwa Kimakonde, sauti ya chini.

Nilimuuliza amesema nini.

"Namwambia gari linaondoka saa nane," alisema. "Twende nyumbani."