Kiwiko cha Sweta ya Kijani

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Wa pili ndiye hupata la mama wa mama. Binti yangu alizaa mmoja tu, akafunga mlango. Kwa hivyo jina la mkwe wangu wa Loresho, mama wa mume wake, lina mtu wa kulitembeza mjini, na langu nitaondoka nalo.

Majina ya watu ninayakumbuka kuliko karani wa chifu: ya ubatizo, ya ukoo, hata ya utani walioitwa wakiwa watoto. Humu sitataja hata moja. Hilo la mjukuu nimeliita kila asubuhi tangu alipokuwa na miaka mitatu, wazazi wake walipokwenda Mombasa kutafuta kazi wakaniachia. Na kila nilipoliita nilikuwa ninamwita yule mwingine pia. Fikiria kumwamshia mwenzako mtoto, kumvika, kumpikia uji, na jina ni lake.

Basi mtoto akakua, akawa mpiga picha za harusi na mazishi. Alikuwa na kamera yake, lakini kuchapisha ilibidi apeleke kwa wenye mashine mjini, angoje huko, arudi na bahasha jioni. Mwaka huu akaamua kununua mashine na kufungua duka la kuchapisha picha. Aliniambia nikiwa nachambua sukuma wiki.

"Shosho, Jumanne tunaenda tao kuangalia printa. Mimi, wewe na Shosho wa Loresho."

"Huyo anajua nini juu ya printa?"

"Na wewe?"

Nikaendelea na mboga zangu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mkwe ana chumba kando ya geti lake kule Loresho, sakafu ya vigae, stima haipotei. Alikuwa amesema ikinunuliwa mashine kubwa, ya picha za kutundika ukutani, yeye ataongezea pesa, chumba kitakuwa cha mjukuu, na nyuma yake kuna kitanda. Mashine ndogo ingetosha duka la mlango mmoja pale Dagoretti Corner, Kona tunavyopaita, karibu nami kiasi kwamba naweza kumpelekea chakula cha mchana kikiwa bado moto. Ikiwa kubwa, anahamia Loresho. Ikiwa ndogo, anabaki Kona. Hayo tu ndiyo niliyoyajua juu ya printa, na yalinitosha.

Duka la mashine lilikuwa huko tao, katikati ya mji, ghorofa ya pili, karibu na Luthuli Avenue. Tulimkuta mkwe ameshafika, amekaa kwenye kiti cha mwenye duka, mkoba juu ya magoti. Muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye miwani kichwani, alimwita madam. Mimi akaniita shosho. Tumezaliwa mwaka mmoja mimi na mkwe, na yeye ndiye aliyetangulia.

"Madam, hii kubwa iko na rangi nane," muuzaji akasema. "Wino wake ni wa maji. Picha ikitoka unaiweka kando kidogo ikauke, halafu iko sawa."

Hilo la kukauka nililisikia vizuri sana. Masikio yangu hayana shida.

Mkwe akatoa simu. "Jaribu na hii."

Picha ile naijua. Ni siku mtoto alipobatizwa. Mkwe amesimama kwenye ngazi za kanisa na kofia ya buluu, amempakata mtoto aliyevaa gauni jeupe linalofika chini. Mimi nilikuwa hapo hapo, nimebeba kikapu cha nepi na chupa ya uji. Mpiga picha aliniambia, "Mama wa sweta, sogea kidogo." Nikasogea. Sikusogea vya kutosha, kiwiko changu kikabaki pembeni ya picha, na ile sweta ya kijani niliyoifuma kwa mikono yangu.

Mashine ikanguruma, ikatoa picha kubwa kama sinia. Siwezi kuisingizia, ilikuwa nzuri. Buluu ya kofia ilikuwa buluu yenyewe. Na kule ukingoni kiwiko changu kilikuwepo, hata mishono ya sweta ungeweza kuihesabu. Hakuna aliyekitazama ila mimi.

"Ona nilivyokuwa," mkwe akasema. Hakusema ona mtoto alivyokuwa.

Nikainamia meza. Nikalamba kidole gumba, nikakipitisha juu ya kofia.

"Tuone kama inashika," nikasema.

Buluu ikateremka mpaka kwenye nyusi.

"Shosho," muuzaji akasema, "si nimesema ingoje ikauke."

"Watu wa Kona hawangoji. Picha ya marehemu inabebwa mbele ya jeneza mvua ikinyesha, na anayeibeba analia. Utamwambia mvua ingoje?"

Muuzaji akacheka, akashusha miwani machoni ili anione vizuri. Mkwe hakucheka. Alitoa kitambaa kwenye mkoba akaanza kupangusa uso wake pale kwenye karatasi, taratibu, kama unavyompangusa mtoto pua, na kila alivyopangusa ndivyo rangi ilivyozidi kuenea. Mjukuu aliniangalia. Namjua huyo mtoto, nikayahamisha macho yangu nikayapeleka kwenye feni.

"Tuonyeshe ile ndogo," akamwambia muuzaji.

Ile ndogo si kubwa kuliko boksi la mikate. Haina wino wa maji, ina utepe wa rangi ndani, na karatasi huingia na kutoka mara nne. Muuzaji akaweka picha ile ile. Mara ya kwanza mkwe alitoka wa manjano mtupu, kama mgonjwa wa ini. Nitasema kweli, nilitamani mashine ikwame hapo. Mara ya pili akaingia wekundu. Mara ya tatu buluu, na ngozi yake ikawa ile nyeusi yenye afya, na kofia ikarudi kichwani. Mara ya nne ilikuwa ni kupakwa kitu kama ngozi ya plastiki juu ya yote. Ikaanguka mezani, kavu.

"Hii hata uilambe yote, shosho," muuzaji akasema.

Nikalamba kidole, maana walikuwa wananingoja. Nikasugua. Uso wa mkwe ukabaki vile vile chini ya kidole changu, unatabasamu.

Kisha nikatafuta kiwiko. Hakikuwepo.

"Mbona pembeni hapaonekani?"

"Hii inakata kidogo huku na huku ndio picha ijaze karatasi," mjukuu akasema. "Hakuna kitu imepotea, shosho. Ilikuwa tu mkono ya mtu."

Mkono ya mtu. Na mashine iliyonikata ndiyo niliyokuja kuipigania.

Alinunua hiyo ndogo. Tulipokuwa tukiteremka ngazi mkwe alitangulia, ameshika ukuta kwa sababu ya magoti, na mjukuu akabaki nyuma na boksi lake kifuani.

"Shosho, hiyo kidole haikuwa na haja," akaniambia kwa sauti ya chini. "Funguo za duka ya Kona nilishachukua wiki jana. Kazi ni picha za paspoti na mazishi, na hiyo iko Kona. Mashine kubwa nilitaka tu aione, asiseme sikumsikiza."

"Ulinileta basi kufanya nini?"

"Ungekubali kubaki nyumbani, na yeye amekuja?"

Nilishika ukuta na mimi, ingawa magoti yangu ni mazima.

Sasa duka liko wazi. Mjukuu akienda kupiga picha mimi ndiye hukaa pale. Darasa nililofika ni la tatu, na kusoma kwangu ni kwa pole pole, lakini bahasha sihitaji ziandikwe. Mtu akisimama mlangoni nimeshamjua, na mama yake, na nyumba aliyozaliwa, nanyoosha mkono nampa picha zake. Sijampa mtu hata mmoja picha za mwingine. Mjukuu anasema hakuna kompyuta ya hivyo.

Shida ni ukutani. Kuna picha moja ya mfano, kwenye fremu, ya kuwaonyesha wateja vile mashine inavyotoa ngozi nyeusi bila kuifanya jivu. Ni ile ya ubatizo. Nilimwambia aweke yangu.

"Wewe hufunga macho, shosho. Nimejaribu mara ngapi?"

Ni kweli, hufunga.

Kwa hivyo nakaa chini ya mkwe kutwa nzima. Jina lake liko juu ya mlango kwa rangi nyekundu, kwa sababu ndilo la mwenye duka, na uso wake uko nyuma ya kichwa changu. Na wateja huuliza. "Ni wewe huyo, shosho?" Mara ya kwanza nilisema hapana, ni mkwe wangu, nikaona yule mama amepoteza hamu ya kuitazama. Mara ya pili nikasema ndiyo. Ilitoka yenyewe. Baada ya hapo niliendelea tu, nikaongeza na habari za kofia, kwamba niliinunua mjini kwa ajili ya siku hiyo.

Mkwe huja Ijumaa. Hukaa kwenye kiti changu, mimi nachukua stuli. Ijumaa iliyopita aliingia mama mmoja wa kule nyuma ya soko kuchukua paspoti za mwanawe, akainua macho ukutani.

"Kumbe shosho ulikuwa mrembo hivi? Si ni wewe uliniambia ni siku ya ubatizo?"

Nilikuwa nimeshika bahasha yake. Nikaitazama hiyo bahasha kama ina maandishi.

Mkwe akageuka akaiangalia picha. Kisha akaniangalia mimi, bila haraka.

"Ni yeye," akamwambia. "Wakati huo alikuwa bado na nyama."

Yule mama akacheka, akachukua paspoti zake, akaenda. Tukabaki wawili. Hata uongo wangu, ilibidi yeye ndiye aumalizie, na kwa upole, ambao sikuwa nimemwomba.

"Mkwe," nikasema, "nikutilie chai?"

"Nitilie," akasema. "Lakini kidole kiache nje."

Nikamtilia kwenye kikombe kile kizima. Mimi nikachukua chenye ufa.