Mungu Aliyepita Kinywani Mwangu

Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikiulizwa swali, sauti inabaki kooni. Lakini kila Jumapili, katika kanisa letu la mbao kule Kabondo, nasimama mbele ya watu na kupiga kelele, kwa sababu maneno si yangu. Mhubiri anasema Lingala, mimi natafsiri kwa Kiswahili, kwa ajili ya wamama waliotoka Maniema kama mama yangu. Akiruka, naruka. Akilia, nalia.

Ijumaa, prof wa falsafa alitufundisha mawazo ya Mjerumani mmoja wa zamani. Huyo alisema dini ni kazi ya watu. Mtu anachukua mazuri yaliyo ndani yake, upendo, huruma, nguvu, anayatundika mbinguni na kuyaita Mungu. Kisha anapiga magoti chini yake, anaomba arudishiwe kidogo.

Darasa likachafuka.

— Prof, kijana mmoja wa nyuma akasema, kama ni sisi tunamuumba, wangu atakuja na pikipiki. Kila siku kukaa nyuma ya baiskeli ya toleka, matako inaniuma!

— Kaa chini! prof akamjibu. Wako umeshamuumba, na munafanana: muvivu.

Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza mdogo wangu.

Mdogo wangu ana kifafa. Alipoanza dawa za kituo cha afya, kuanguka kulipungua mpaka tukaanza kusahau. Halafu wiki hiyo akaja mhubiri mgeni kutoka Kinshasa, asiyejua Kiswahili hata cha kuomba maji. Akamwagiza mama: Jumapili mtoto atatoa ushuhuda wa imani. Kwetu ushuhuda wa imani ni hivi: unatangaza kwamba umepona kabla hujapona. Ukishatangaza, dawa haiguswi tena, maana kila kidonge kitamfanya Mungu mwongo. Mama hakungoja hata Jumapili ifike. Dawa aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka juu ya kabati. Papa anafanya kazi Basoko, anarudi kwa boti akipata nafasi, na simu yake haikupatikana.

Jumapili asubuhi mdogo wangu akaanguka, karibu kabisa na mbabula, jiko letu la makaa lililokuwa linawaka. Nilimvuta kwa mguu. Alipotulia, mama alimpangusa povu kwa kikwembe alichojifunga, akamvalisha gauni jeupe.

— Mama, tumupatie dawa.

— Nyamaza! Shetani anapiganaka sana wakati anatoka. Na wewe leo utafsiri muzuri, usinipatishe haya.

Vifungo vya lile gauni alivikosea, akavifungua, akaanza tena. Hiyo ndiyo iliyonikasirisha kuliko yote. Alikuwa anaogopa kama mimi, lakini woga wake aliuita imani.

Kanisani mama aliweka kile kitambaa cha dawa juu ya meza ya madhabahu. Watu wakapiga vigelegele. Mhubiri akauliza kwa Lingala, mimi nikageuza:

— Anauliza, umepona?

Mdogo wangu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, dada yake, akanong'ona mbali na kipaza sauti:

— Yaya, si uliniona? Nilianguka asubuhi. Ulimi inaniuma, niliiuma.

— Alobi nini? mhubiri akaniuliza. Amesema nini?

Mpiga ngoma alikuwa ameshainua fimbo. Kumbe neno moja tu lilitosha: abiki, amepona. Ningelisema, ngoma ingelia, wamama wangeanguka chini, na Mungu angekuwa amefanya muujiza. Hapo nikaona jinsi anavyotengenezwa. Anatengenezwa kwa jasho, kwa kipaza sauti, na kwa binti anayeogopa kumwaibisha mama yake. Nikamkasirikia hata yule Mjerumani. Eti tunapeleka juu mazuri yetu! Huyu Mungu aliyekuwa anangoja neno langu alikuwa na kiburi cha mhubiri, na mhubiri mwenyewe hakupungukiwa nacho hata kidogo. Mungu gani anayeona wivu juu ya kidonge cha mtoto?

— Mwana alobi akwei lelo na ntongo, nikasema. Mtoto anasema ameanguka leo asubuhi.

Mpiga ngoma akashusha fimbo. Halafu nikaongeza, kwa Kiswahili, maneno ambayo hakuna aliyenipa:

— Na mimi niliona. Ni mimi nilimutoa kwa moto.

— Binti huyu masomo yamemuingia sawa na pepo! mzee mmoja akafoka.

Mhubiri akaanza kuomba kwa nguvu juu ya kichwa changu. Nikachukua kitambaa mezani, nikamshika mdogo wangu mkono, tukatoka. Nyuma yangu nikasikia kandambili za mama.

Njia nzima nilingoja kofi. Tulipofika, alienda kwenye mtungi, akachota maji kwa kikombe. Akafungua kitambaa mwenyewe. Akamkalisha mdogo wangu mapajani, akamshika kidevu taratibu kwa sababu ya ule ulimi, akangoja mpaka ameze.

— Mungu, asante, akasema.

Nikauma meno. Ni wewe, mama! Kikombe ulishika wewe! Sauti ikabaki kooni, kama darasani. Nikachukua kikombe mkononi mwake, nikaenda kukiosha.