Njahi Chini ya Koti

Asubuhi hiyo Ntinyari, muuza ndizi wa soko la Gakoromone, aliamka akiimba. Karambu, mke wa mwanawe, alikuwa amejifungua msichana, na kwao msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Wajukuu waliotangulia walikuwa wavulana watupu, na tangu figo zake zigome, bibi huyu aliogopa jambo moja tu: mtoto angepewa jina lake baada ya yeye kuzikwa. Sasa somo wake alikuwa wodi ya juu ya hospitali ileile anakosafishwa damu! Angewezaje kutembea? Alikimbia.

Mzazi hatembelewi mikono mitupu. Alifunga kwenye leso njahi, maharagwe meusi ya kuongeza maziwa ya mama, pamoja na unga wa wimbi, akajizungushia kiunoni, akavaa sweta na koti juu yake, maana mlinzi wa langoni hakuruhusu chakula cha nyumbani. Mlinzi alimpisha, tena akamsifu kwamba amenawiri.

Kwenye mizani, muuguzi Gitari, kijana wa kutoka Embu, alikunja uso. Figo zikifa, maji hayatoki; kwa hiyo kila kilo inayozidi huhesabiwa kuwa maji, na mashine hupangiwa kuyavuta.

"Cucu, bibi yangu, hii kilo yote imetoka wapi? Wikendi umekunywa nini?"

"Chai tu. Kidogo."

"Toa hiyo koti tupime tena."

"Nasikia baridi, kijana wangu."

Heri kugombezwa kuliko kunyang'anywa njahi. Na kweli aligombezwa, akainamisha kichwa kama mtoto wa shule. Gitari akaipanga mashine ivute maji ambayo hayakuwamo mwilini.

Mwanzoni, akiwa kitini ameunganishwa na mashine, bibi alimsimulia kila mgonjwa wa jirani habari za mjukuu. Baadaye akaanza kupiga miayo. Msuli wa mguu ukajikaza hadi akauma meno, jasho baridi likamtoka, na machoni pake uso wa Gitari ukaingia ukungu. Mkaidi huyu hata hapo hakutoboa siri ya njahi! Alimwaza mtoto tu, akaogopa kwamba atakufa hajamshika.

Gitari alishaona presha ikiporomoka. Alisimamisha uvutaji, akakilaza kiti na kumwinua bibi miguu, akamrudishia maji ya chumvi mwilini. Alipomfungua koti apumue vizuri, leso ililegea, njahi zikatapakaa sakafuni.

"Cucu, ungekufa juu ya njahi?"

"Ni za mama ya Ntinyari mdogo," alijibu kwa sauti ndogo.

Presha ilipopanda alitaka achomolewe sindano saa ileile aende zake. Gitari alikataa, kwa kuwa damu ya bibi ilikuwa bado imo kwenye mipira ya mashine. Ilipomrudia yote, Gitari alimchomoa sindano, akamwambia ajaribu kusimama. Chumba kilizunguka, akaketi. Alijaribu tena, akasimama imara.

Karambu alikuwa ameshuka na mtoto kutoka wodi ya juu, akangoja nje ya mlango kwa kuwa watoto hawaingizwi mle. Ntinyari alimwendea kwa miguu yake mwenyewe, mkono wa kushoto umefungwa bandeji, akampokea mtoto kwa wa kulia. Mtoto akapiga ukelele uliosikika korido nzima. Bibi alicheka, akalia, akacheka tena.

"Ntinyari," alimwita. Maisha yake yote hakuwahi kumwita mtu mwingine jina hilo.

"Mama, keti kwanza," Karambu alimsihi.

"Wacha nisimame. Sasa tuko wawili. Mmoja akienda, mwingine ataitika."