Abiria wa Shadrack

Muulize mtu yeyote hapa Kabiro, Kawangware, mimi ni nani. Atakuambia: yule mama wa viti vya pikipiki, ana mdomo huyo, jihadhari naye. Hakuna atakayekuambia kwamba naona mashetani. Sioni. Nashona viti, nauza, nalala. Na kama ningetaka kutunga uongo ningetunga wenye mwisho mzuri, maana ndio unaopendwa. Haya yalitupata mimi na ndugu yangu, na hayajaisha.

Ndugu yangu anaitwa Shadrack, kitinda mimba wa mama yetu. Anaendesha boda, na chumba chake kiko Soweto West, kule Kibera. Alikuwa hajaenda nyumbani Maragoli, kule magharibi, kwa miaka mingi. Si kwamba alimkataa mama, hapana. Kila Desemba kulizuka jambo: leo injini, kesho mtoto mgonjwa. Nairobi unaijua. Kisha mama akaanza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na kila nikimpigia simu ananiuliza hilo hilo moja.

"Shadrack anakuja lini? Nimwone tu, mwanangu, nipumzike."

Sasa, watu wa boda wa Kibera na Kawangware wana mkutano wao kila mwaka kabla ya Krismasi, wenyewe wanauita rali. Wanaosha pikipiki, wanazifunga matawi mabichi na riboni, wanazunguka mitaa wakipiga honi mpaka masikio yanauma, halafu wanakula nyama pale uwanjani. Baada ya hapo wale wa magharibi hupanga safari ya kwenda nyumbani pamoja, kwa pikipiki. Mwaka huo Shadrack aliapa mbele yangu: kutoka rali hadi kwa mama, bila kona. Nilifurahi, sikufichi. Nilimshonea kiti kipya, kirefu, sponji nzito, maana safari ni ya kutwa nzima.

Basi siku ya rali, mchana, tukakaa chini ya turubai tukinywa chai na kupanga njia. Mimi, Shadrack, na Ambani, mwenyekiti wao, ambaye ni jirani yetu kule nyumbani na ndiye angenibeba. Ambani alitaka tupite Nakuru, kwa sababu ndiyo njia anayoijua. Shadrack alikataa.

"Chair, mi nimeona mabati na matope maisha yangu yote. Hii safari wacha nione nchi."

"Utaona nchi ama utaona mama?" nikamuuliza.

"Siz, zote mbili. Kwani ni dhambi?"

Hapo ndipo yule mtu aliposema nyuma yetu, "Pitieni Narok."

Tuligeuka. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, amevaa koti la mvua la kijani lililofungwa hadi shingoni. Na jua lilikuwa linachoma, niamini. Nilidhani ni wa steji nyingine ya boda. Aliongea kama mtu anayesimulia shamba lake mwenyewe. Mshuke ile miteremko ya Mai Mahiu asubuhi, alisema, bonde lote likiwa chini yenu. Narok mjaze mafuta. Bomet mtaanza kuona kijani, na mkiingia Kericho majani chai yatawafuata pande zote, mvua itanyesha kidogo na kuacha. Kisha mteremke Ahero kwenye mashamba ya mpunga, Kisumu na ziwa lake, halafu mpande kwenda kwenye mawe ya kwenu. Shadrack alikuwa amefumba macho akisikiliza. Hata Ambani, mbishi yule, aliacha kutaja Nakuru.

"Na wewe unaenda wapi, buda?" Shadrack akamuuliza.

"Nyumbani. Ni vile tu sina wa kunibeba."

"Hiyo si story. Kiti changu kiko wazi. Tutoke pamoja asubuhi."

Yule mtu alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema, "Pikipiki yako haina tawi," na kweli haikuwa nalo, riboni tu. Akaondoka, akarudi na tawi bichi, akalifunga mwenyewe nyuma ya kile kiti changu kwa mpira wa kufungia mizigo. Alilifunga taratibu, akiliongelesha kwa sauti ya chini. Shadrack akamshukuru. Siku ya rali nani anakataa tawi?

Sasa ngoja nikueleze jambo, ili usituone wajinga. Kwetu, mtu akifia mbali, barabarani, wazee huenda pale alipoangukia. Wanakata tawi la mti ulio karibu, wanamwita kwa jina, wanamwambia, inuka twende nyumbani. Halafu tawi hilo linabebwa hadi bomani kwao, na lazima awepo mtu wa ukoo wa kulipokea na kusema karibu. Wasipofanya hivyo, marehemu anabaki pale pale kando ya lami. Haya tunayajua wote. Lakini uwanja mzima ulikuwa umejaa matawi! Ungelitofautishaje moja?

Asubuhi yule mtu hakutokea. Tulimngoja, tukampigia honi, Ambani akakasirika, tukaondoka peke yetu, wenzetu wakiwa wametangulia kwa njia ya Nakuru. Shadrack aliliacha tawi lilivyo, akasema litaleta baraka.

Nilipanda nyuma ya Ambani, tukawa tunamfuata Shadrack. Na mimi jicho langu liko kwenye kazi yangu siku zote, kwa hiyo nilikuwa nakitazama kile kiti. Tulipoanza kuteremka Mai Mahiu niliona kimebonyea. Nyuma ya Shadrack, mahali pa abiria, sponji ilikuwa imelala chini kama inavyolala mtu mzima akiikalia. Kwenye tuta pikipiki inaruka, kiti kinainuka kidogo, kinabonyea tena. Nilijiambia nimeshona vibaya. Unafikiri ningejiambia nini kingine?

Narok tukasimama kujaza mafuta. Unajua desturi ya pale, abiria lazima ashuke kwanza. Mimi nilishuka. Kijana wa pampu akafika kwa Shadrack, akasimama tu na bomba mkononi.

"Boss, ambia abiria wako ashuke ndio niweke."

"Abiria gani?"

"Huyo wa koti."

Ambani alicheka, akamwambia kijana apunguze miraa. Shadrack hakucheka. Alishuka, akafungua tangi, na yule kijana akajaza akiwa ametazama pembeni. Nikamvuta Shadrack kando nikamwambia atoe lile tawi. Akanijibu kwa upole ambao sikuuzoea, "Wacha tu, siz. Tumekaribia."

Tulikuwa Narok. Tumekaribia wapi?

Njia ilikuwa nzuri kama alivyosema. Hilo ndilo linaloniuma, ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Kericho mvua ikanyesha kidogo na kuacha, majani chai yakang'aa, na Shadrack mbele yetu alikuwa akigeuza kichwa nyuma kila mara, akijibu mtu. Tukapita Ahero, tukapita Kisumu jua likiwa bado juu, tukaanza kupanda kwetu. Njia ya kuingia nyumbani iko penye jiwe kubwa, hata mtoto hawezi kuikosa. Ambani akampita Shadrack, akaonyesha ishara, akakata kona. Shadrack akapiga honi na kupita moja kwa moja.

Tulidhani ni utani wake. Mama alikuwa ametolewa kiti nje, amefungwa leso mpya, na alikuwa amesikia honi.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, mama. Anageuza."

Nikampigia. Akapokea, upepo mwingi. "Nakuja, siz. Nimebakisha kona moja."

Tulikaa pale nje na mama mpaka kuku wakaingia. Kila pikipiki iliyopita barabarani, mama aliinua kichwa. Mwishowe tukambeba ndani. Asubuhi Shadrack alipiga mwenyewe, analia. Alikuwa amerudi Nairobi, hapa Kabiro, kwenye njia panda, amesimama chini ya mti. Aliniambia kila alipokata kona alikuta boma ambalo si letu, hakuna nyumba, miti ya mkaratusi tu imepandwa mistari, na nyuma yake sauti inasema, "Hapana, si hapa, endelea." Akaendelea. Na tangi, aliapa, lilikuwa limejaa kama alivyolijaza Narok.

Mke wa Shadrack ni mtu wa maombi, akampeleka kwa mchungaji wake kule Kisumu Ndogo, mtaa wa hapo hapo Kibera. Mchungaji alikuwa na nia njema. Alikemea, akamwaga mafuta, akalichoma lile tawi mbele ya waumini mpaka likawa majivu, wakaimba. Niliposimuliwa kwa simu, nikaona tumepona. Nikamweleza mama habari yote nikiwa bado nimekaa kitandani kwake. Nilipofika kwenye moto, alifunga macho.

"Mmelichoma? Sasa mtamrudisha na nini?"

Niliporudi Nairobi tulianza kuuliza. Muuza uji wa pale njia panda alimkumbuka: mtu wa boda, mgeni, mpole, koti la kijani. Lori lilimgonga pale chini ya mti ule ule wakati wa mvua, kitambo kabla ya ile rali. Hakuna ndugu aliyefika, akazikwa huku huku na watu wasiomjua. Mtu wa steji yake akatupa jina na kijiji, upande wa Butere. Mimi na Ambani tukafunga safari. Nilijiambia nitachuma tawi jingine lolote, nipige magoti, niombe wamkaribishe tu. Tulipofika hapakuwa na wa kumwomba. Wazazi walishakufa, kaka yake aliuza shamba akahamia asipojulikana, na palipokuwa na nyumba palikuwa na mikaratusi, imepandwa mistari. Mwenye shamba alitusikiliza kwa adabu. Akasema, "Mama, mimi nilinunua ardhi. Sikununua watu."

Tukarudi Nairobi mikono mitupu.

Shadrack alijaribu tena. Alijaribu kwa basi, akateremka Kisumu kununua maji, akajikuta ndani ya basi jingine linaloingia Nairobi. Alijaribu kwa lori la rafiki yake, rafiki akapotea njia anayoipita kila wiki. Ndani ya Nairobi anazunguka vizuri tu. Ni nyumbani ndiko hafiki.

Mama alikufa wakati wa mvua za masika. Mwili tuliuweka kwa muda tulioweza. Siku ya mazishi, mwana wa mwisho ndiye anayengojwa kutia udongo, na Shadrack alikuwa njiani tangu alfajiri. Nilimpigia jeneza likiwa limeshashushwa.

"Nimeona jiwe, siz! Naliona! Kona moja tu. Msimfunike!"

Wazee walingoja. Mvua ikaanza, kaburi likaanza kuingia maji, wakanitazama mimi. Niliitikia kwa kichwa kwamba sawa. Simu nilikuwa nimeishika bado, na nina hakika alisikia udongo ukianguka. Sijawahi kumuuliza.

Yupo hai, ukitaka kumwona yupo Soweto West. Abiria habebi tena. Wanamsimamisha, wakifika karibu wanasema, "Kumbe uko na mtu," wanatafuta boda nyingine. Hubeba mizigo. Kile kiti nimekibadilisha sponji nikachoka, kinabonyea pale pale. Na kila Jumapili huja kibandani kwangu, tunakunywa chai, ananipangia njia: safari hii nitapita Nandi, safari hii nitapita Kisii, kuna milima mizuri kule. Namsikiliza. Ningemwambia nini, aache?

Wewe unayejiandaa kwenda nyumbani Desemba na pikipiki yako, nisikilize. Kusaidia mtu ni vizuri. Lakini mtu usiyemjua akikuambia anaenda nyumbani, usimpe kiti kwanza. Muulize ni kwa nani, na nani yuko hai pale wa kumfungulia mlango. Akisitasita, washa pikipiki uende, hata akulilie.

Mjomba wangu ameanza kunipigia simu. Anasema boma limebaki tupu, nyasi zimefika dirishani, na kuna mtu mwenye pesa anatafuta mahali pa kupanda miti. Nimemjibu vibaya, jinsi ninavyojua mimi. Siuzi, hata nilale njaa hapa Kabiro mpaka nizeeke. Nikiuza, juu ya ile pikipiki watakuwa wawili wasio na pa kushuka.