Chuma cha Viazi na Meno ya Mama Mkwe

Siku hizi za ruksa ya bidhaa za nje, maduka ya Bariadi yanauza vitu ambavyo mwenye duka lazima kwanza akueleze kazi yake. Juzi mmoja aliniwekea kwenye kaunta vifaa viwili vya kupondea viazi: mwiko mpana wa mti, na chuma kinachong'aa chenye vitundu, unachokikamua kama limau.

“Mwiko unaacha mabonge,” alisema. “Hiki hakiachi kitu.”

Mama mkwe alikuwa anakuja kututembelea kwa mara ya kwanza kutoka Ngulyati, nami nilitaka sifa. Nikabeba chuma.

Jioni alipofika nilikamua sufuria nzima ya viazi vitamu, mke wangu akivimenya. Vikatoka laini kama uji. Kwa heshima ya kwetu, mkwe hukai naye wala hamsemeshani moja kwa moja, hivyo nikaenda kusubiri sifa zangu barazani. Nikasikia kijiko kikiwekwa chini.

“Nani anaumwa humu ndani?” mama mkwe akamuuliza binti yake.

“Hakuna, mayu.”

“Basi mwambie mumeo meno yangu bado yapo yote.”

Akaomba michembe, vile viazi vilivyokatwa vikaanikwa juani, tena vikavu hivyohivyo, visichemshwe. Akatafuna kipande kimoja kimoja, taratibu, kwa kishindo, mpaka jirani akachungulia.

Zamani bidhaa za nje zilizuiwa mpakani, tukalalamika sana. Sasa zimeruhusiwa zote, na nimegundua kuwa aliyestahili kuzuiwa ni mimi.