Mama Mkwe na Ndege Watatu wa Chalbi

Mimi Luhende nina hasira za karibu, na nalisema mapema ili mtu asije akadai nilimficha. Niite "dereva" kwa sauti ile ya kuburuta, kama unamwita mtu aje kuzoa takataka, uone kama damu haijanichemka. Udereva wenyewe siuchukii. Miaka kumi na moja nimewatoa wageni Mwanza nikawapeleka Serengeti, nikawasikia waongozaji wakiwaonyesha ndege, wengine wakikosea waziwazi, na mimi nimekaa kimya na usukani wangu kwa sababu dereva haulizwi. Nilichokitaka ni kimoja tu: kuwa mwongozaji wa wageni wanaokuja kutazama ndege, nisimame mimi niseme yule pale ni fulani, na watu waandike.

Mtihani wa uongozaji pale kazini kwetu unasimamiwa na Bwana Rwehumbiza, Mhaya msomi, mpole wa maneno, ambaye akikufelisha unaweza ukamshukuru kabla hujaelewa kilichokupata. Alikuwa ameshanifelisha mara mbili. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho kwa kila mtu. Ukianguka hapo, unarudi kwenye usukani na habari imekwisha.

Lakini anayestahili kusimuliwa hapa si mimi. Ni mama mkwe wangu, Kashindye, muuza mitumba wa Mabatini, ambaye hajawahi kukanyaga jangwa wala kushika darubini.

Mama huyu aliingia mjini kutoka Magu mwaka aliofiwa na mumewe, mke wangu Rebeka akiwa mgongoni. Alianza na mashati sita yaliyotandikwa juu ya mfuko wa sandarusi. Leo ana kibanda chake, na kuna wateja wanaotoka mpaka Ilemela kumfuata, kwa sababu hadanganyi na wala hadanganyiki. Mpe shati, atakuambia lilikuwa na rangi gani siku linatoka kiwandani. Mgongo wa shati hahangaiki nao. Anageuza kola, anafunua mshono wa kwapani, anaangalia pale ambapo jua halikufika. Kuna mwenzake aliwahi kumletea gauni akiapa kwamba ni jeupe. Mama akafunua pindo lake tu, manjano ikaonekana, mwenzake akalikunja gauni lake akaondoka bila kuaga. Miaka thelathini anafungua belo, robota zima la mitumba, na kuchambua, hili limechujuka, hili ndivyo lilivyozaliwa.

Basi mwaka huu kampuni ilitupeleka jangwa la Chalbi, huko kaskazini mwa Kenya, siku tisa. Ardhi nyeupe, upepo unakula midomo, maji ya kunywa yana joto la chai. Kila mtahiniwa alitakiwa arudi na picha thelathini za ndege alizopiga mwenyewe, na chini ya kila picha aandike jina na sababu ya jina hilo. Jina bila sababu ni sifuri. Ndivyo nilivyofeli mara mbili zile: majina nilikuwa nayo, sababu yangu kila mara ilikuwa rangi, na Bwana Rwehumbiza akawa ananiandikia kwa mwandiko wake mzuri kwamba rangi si ushahidi.

Picha ishirini na saba hazikunisumbua. Mbuni utamkosea vipi? Tandawala, firigogo, tai, wote niliwamaliza. Zikabaki tatu, zote za vipozamataza, vile vindege vya ardhini vyenye rangi ya vumbi vinavyokimbia mbele ya gari. Wa kwanza alikuwa amepauka karibu kuwa mweupe, na nilimnasa akijinyoosha, bawa moja limefunguka. Wa pili alikuwa wa kahawia mwenye michirizi myeusi. Wa tatu naye kahawia vilevile, amesimama ubavu juu ya jiwe. Kwa akili yangu ya rangi, wa kwanza alikuwa aina yake, na wa pili na wa tatu walikuwa aina moja. Programu ya kwenye simu niliiuliza mara nne ikanipa majina manne. Ya tano nilitaka kuitupa simu kwenye mawe.

Hiyo ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwetu Kiseke, na kazi ilitakiwa kuwasilishwa Jumatatu asubuhi. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea na belo lake, maana hata akija kupumzika hapumziki, na alikuwa barazani nyuma akichambua mashati. Mimi nilikuwa sebuleni. Kwetu Wasukuma mtu na mama mkwe wake hawaketi pamoja wala hawatazamani usoni. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini Mama Kashindye hajalegeza hata uzi mmoja. Tunasalimiana kwa kupitia mlangoni, mimi shikamoo, yeye marahaba baba, kila mtu anaangalia kwake.

Rebeka alichoka kunisikia nikiigombeza kompyuta. Alichukua kishikwambi chenye zile picha tatu, akasema mficha uchi hazai, akaelekea barazani. Nikamwambia arudi, ndege si mashati. Hakugeuka.

Haikupita hata dakika kumi akarudi na ujumbe. Mama anasema huyu mweupe na huyu wa michirizi ni mmoja, ila mmoja amevaa nguo kuukuu na mwingine amevaa mpya. Na yule wa kwenye jiwe ni mwingine kabisa.

Nilicheka kicheko kibaya. Nikamwambia Rebeka amwambie mama yake kwamba nimesoma kitabu cha kurasa mia sita na siwezi kufundishwa ndege na mtu wa belo. Rebeka akanitazama. Akatoka, na mpaka leo sijui alikwenda kusema nini huko, maana jibu lililorudi lilikuwa la upole: je, baba ameangalia chini ya bawa?

Sikuwa nimeangalia. Nikaivuta picha ya yule mweupe mpaka bawa lililofunguka likajaa kioo chote. Yale manyoya ya juu yalikuwa meupe kama majani makavu ya mahindi, na ncha zake zimesagika. Lakini yale ya ndani, ambayo akikunja bawa yanafichwa, yalikuwa kahawia iliyokolea, na katikati yake michirizi myeusi. Ileile ya yule wa pili, haikupungua hata mmoja. Jua la Chalbi lilikuwa limemchujua nje, ndani likamwacha alivyo.

Jamani, nilikaa chini. Nimekuwa na picha ile siku kumi na mbili, nimeikodolea macho mpaka yakauma, na jibu lilikuwa kwapani.

Nikawa mpole ghafla. Nikamtuma Rebeka aulize, na huyu wa kwenye jiwe je, mbona rangi yake ni ya yule wa pili mtupu? Jibu likaja: rangi ya kazi gani, aangalie bawa linaishia wapi. Nikaangalia. Kwa yule wa pili manyoya ya juu yalifunika bawa lote mpaka mwisho. Kwa huyu wa jiwe ncha ya bawa ilichomoza nje, mtu angeweza kuipima kwa ukucha. Lakini kitabu nilikuwa nimekisoma kweli, si kwa majivuno tu, na kitabu kinaonya: manyoya ya juu yakichakaa na kufupika, ncha itachomoza kwa ndege yeyote. Nikapeleka hoja hiyo barazani nikijua kwamba hapo nimempata.

Halafu nikasikia hatua, na si za Rebeka. Mama Kashindye alikuwa amesimama mlangoni, suruali mbili mkononi, macho kwenye sakafu. Aliingia sebuleni kwangu mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu nioe, akaziweka suruali mezani, zote fupi, zote za juu ya kifundo.

"Hii imefupishwa na miaka," akasema. "Hii imefupishwa na fundi. Shika pindo, baba."

Nikashika. Ya kwanza ilikuwa na nyuzi zinaning'inia. Ya pili pindo lilikuwa zima, limenyooka. Sikuhitaji kuambiwa tena. Nikarudi kwenye picha ya jiwe, nikavuta, na kingo za yale manyoya ya juu zilikuwa nzima, safi, zina utepe mwembamba mweupe ambao haujaguswa. Ndege yule hakuchakaa. Ndivyo alivyoshonwa.

Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani. Mama mkwe alikuwa ameshasogeza kiti, amekaa ubavuni pangu, kidole chake kiko kwenye kioo, ananionyesha na mkia. Mila ilikuwa imeachwa barazani na belo. Tuliwamaliza ndege wote watatu kabla jua halijazama. Majina yao katika kitabu ni marefu na sitakuchosha nayo, lakini mara hii kila jina lilikuwa limekaa juu ya sababu yake.

Jumatatu nilikuwa mbele ya Bwana Rwehumbiza, ofisini kwake upande wa uwanja wa ndege. Alipitia zile ishirini na saba kwa tiki, tiki, tiki. Alipofika kwa yule mweupe akasimama. Akasema kwa upole wake kwamba wenzangu wote aliokwisha kuwasahihisha wamemtenga ndege mweupe wa namna hii kama aina ya peke yake, je, nina uhakika? Nikamwonyesha chini ya bawa. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaenda kwa yule wa kwenye jiwe, akaniuliza lile swali la kuchakaa. Akamalizia kwa kusema madereva wengi hujikwaa hapo.

Madereva! Nilihisi moto unapanda shingoni. Mara ya pili ile niliyofeli, aliponiita hivyohivyo, nilisimama nikamjibu neno lisilojibiwa mkubwa. Safari hii nilimeza mate. Nikamwomba aivute picha mpaka mwisho, nikamwambia aangalie kingo: kilichochakaa kina nyuzi, na huyu hana hata uzi mmoja, kwa hiyo urefu huu ni wa kuzaliwa.

Aliangalia muda mrefu. Alivua miwani, akaipangusa, akaangalia tena. Kisha akaweka tiki ya thelathini, na chini yake akaandika neno moja, AMEFAULU. Nilitamani kumkumbatia, nikaishia kukikumbatia kiti changu, yaani nilikishika kwa mikono miwili ili nisiruke.

Akaniuliza nani alinifundisha hilo la nyuzi, maana halimo katika kitabu chochote anachokijua yeye. Ningeweza kusema ni akili yangu. Shetani alinikumbusha kwamba inawezekana. Nikasema ni mama mkwe wangu, anauza mitumba Mabatini. Vijana wawili waliokuwa wanasubiri zamu yao wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliomba aelekezwe kibanda.

Mimi nilidhani ni adabu tu ya Wahaya. Mungu si Athumani, Jumamosi tunamwona huyo anakuja katikati ya vibanda vya Mabatini, viatu vimeng'arishwa, anakwepa madimbwi, daftari kwapani. Nilikuwa pale nikimsaidia mama kutundika makoti. Aliamkia shikamoo akiinamisha kichwa, kisha akasubiri mpaka mama amalize na mteja wa sketi, na mteja yule hakuwa na haraka hata kidogo.

Alichokileta, ndani ya kishikwambi chake, kilikuwa picha ya kipozamataza aliyempiga mwenyewe hukohuko Chalbi miaka minane iliyopita. Ndege mwenye mkia mfupi kupita kawaida. Alimwandika kama aina adimu, akamsimulia mikutanoni, akamfundishia. Tangu Jumatatu, akasema, hakuwa na raha.

Mama Kashindye alikipokea kishikwambi, akakitazama pumzi mbili tatu. Nilimwona amepata jibu. Namjua sasa, akipata midomo inabana. Badala ya kusema, akanisogezea mimi.

"Mimi najua nguo," akamwambia Bwana Rwehumbiza. "Anayejua ndege ni huyu. Muulize yeye."

Watu wa vibanda vya jirani walikuwa wameshasogea. Nikakishika kile kioo, furaha imekosa pa kukaa. Nikavuta mkia ukajaa kioo chote. Manyoya mawili ya kati yalikuwa yamebaki vijiti, kingo zote zimesagika, nyuzi tupu. Mkia haukuzaliwa mfupi. Ulikuwa umeliwa na mawe na msimu mzima wa kutaga.

Nikamwambia mwalimu wangu, kwa heshima yote, kwamba ndege wake si adimu. Ni yule wa kawaida, tuliyemwona kila siku njiani, na miaka minane amekuwa akimwita jina la mwenzake.

Bwana Rwehumbiza alikiangalia kioo, akaniangalia mimi. Akafungua daftari lake juu ya rundo la mashati, akatafuta ukurasa, akalikata lile jina kwa mstari mmoja ulionyooka. Kisha akainua kalamu, akaniuliza aandike nini.