Nyimbo Nane na Sura Iliyofifia

Saa mbili kasorobo asubuhi, mlango wa bati unasukumwa juu na mashine ya fotokopi inaanza kukohoa. Mwanamke mwenye aproni iliyojaa madoa ya wino anaiegemeza simu ubavuni mwa mashine, kama mama anayesikiliza kifua cha mwanawe. Anarekodi.

"Nyamaza kidogo, kaka," anamwambia mteja wa kwanza. "Ikishapata moto haitoi tena mlio huu."

"Dada, hii yako inakohoa kuliko bibi yangu. Ipeleke hospitali."

"Bibi yako akija nitamrekodi pia."

Kitendawili: nimezaa watoto mia, wote sura moja, hakuna hata mmoja aliyelia. Ukijibu fotokopi, mji wako baki nao.

Wateja humwita Mama Nakala. Ana miaka thelathini na saba na watoto wawili, na huu ni mwaka wa kumi na moja anasimama saa kumi kwa siku katika chumba cha hatua sita kwa nne. Wengi wanaomjia wanatafuta kazi.

"Kuna mmoja namtolea nakala za vyeti vilevile tangu mwanangu wa kwanza hajaanza shule," anasema. "Sasa mwanangu yuko darasa la sita. Vyeti havijazeeka. Yeye ndiye kazeeka."

Humo humo chumbani ametengeneza nyimbo nane. Gitaa hakuna, ngoma hakuna. Kuna mashine inayopata moto, stepla, na kisu cha kukatia karatasi, milio aliyoipanga kwenye kompyuta kuukuu mpaka ikawa mdundo. Juu yake anaimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. Mguu unataka kucheza, moyo unakataa.

Nyimbo zimetoka kwenye riwaya ambayo haijachapishwa. Miaka minne iliyopita, mzee mmoja, karani mstaafu wa masjala, alianza kumletea madaftari kumi na moja, moja baada ya jingine, ampigie chapa. Ndani yake mlikuwa na mji ambao mtu hahesabiki. Inayohesabika ni nakala yake, iliyofungiwa kabatini ofisini. Nakala ikififia, mwenyewe anafungiwa maji, mtoto wake anarudishwa kutoka shule, na majirani wanaacha kumwitikia salamu.

"Nilikuwa napiga chapa huku nalia," anasema. "Nikajiona ni mimi ninayezitoa hizo nakala."

Akamwomba mzee amruhusu kuitungia nyimbo, kila sura na wimbo wake. Mzee alicheka. "Watu wacheze msiba wangu? Haya, wacheze."

Zikafika nane. Sura ya tisa, ya mwisho, ndiyo iliyomkalia kooni.

Daftari la sura hiyo liliandikwa kwa penseli. Siku lilipoletwa, wino wa mashine ulikuwa unaishia na tajiri mwenye duka hajaleta mwingine. Mama Nakala alitoa nakala aje kuipiga chapa baadaye, akamrudishia mzee daftari lake.

"Nilijua penseli haitoki vizuri," anasema, akifuta kioo cha mashine ambacho hakina vumbi. "Lakini foleni ilikuwa mpaka nje. Nikasema itasomeka tu. Sikuitazama hata."

Miezi miwili baadaye paa la mzee lilivuja, daftari likawa uji. Mama Nakala akakimbilia droo yake. Kurasa zote kumi na nne zilikuwa nyeupe kama sanda. Maneno yanayosomeka ni arobaini na moja.

"Mzee hakunigombeza. Aliniambia tu, 'Sasa na mimi nimekuwa mkazi wa ule mji.' Bora angenipiga."

Tangu hapo, kila Jumapili mchana, akishafunga duka, huenda kukaa kando ya kitanda cha mzee, ambaye sasa ni mgonjwa, na kumbembeleza amwambie mwisho. Mwaka mzima na zaidi jibu lilikuwa moja: "Mwisho hausemwi mara mbili."

"Mwache, mwanangu," mke wa mzee humwambia. "Ukaidi huo alizaliwa nao, tena pacha."

Jumapili iliyopita alijaribu njia nyingine. Alikwenda na zile kurasa, akamsomea maneno yaliyobaki, moja moja.

"Daraja," alisoma. "Chumvi. Wakangoja."

Mzee alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho.

"Haya kaandika nani?"

"Wewe, babu."

"Mimi?" Aliigeuza karatasi, akaiweka kifuani. "Binti, sikukatalii. Siku zote hizo sikuwa nakukatalia. Sikumbuki. Nikiutafuta ule mwisho naona karatasi tupu. Nikaona heri niitwe mkaidi."

Mkewe, aliyekuwa anakunja nguo, aliketi juu ya nguo zile zile. Hata yeye hakuwa anajua.

Wapo wanaomshauri Mama Nakala atunge mwisho wake mwenyewe. Anatikisa kichwa. "Nimeshampotezea mwisho mmoja. Nimpachike na usio wake?"

Anachotaka sasa ni hiki: mzee ayasome yale maneno arobaini na moja kwa sauti yake, na penye weupe anyamaze. Mdundo hautakuwepo. Huo ndio utakuwa wimbo wa tisa, na jina la mzee litatangulia lake, nyimbo zote tisa zikitoka.

Mzee amekubali. Ila ameomba jambo moja.

"Njoo asubuhi, binti. Asubuhi ndiyo huwa nipo."

Jumapili asubuhi ndipo duka hujaa, na katika miaka yote hiyo Mama Nakala hajawahi kuikosa hata moja. Safari hii amemwambia tajiri wake mapema kwamba hatafungua.

"Tajiri akaniuliza, 'Kwani una msiba?'" anasema, akiingiza karatasi nyingine kwenye mashine. "Nikamwambia bado."